Kutoka Kasulu hadi usomi wa haki za binadamu

Swali limetoka kwa binti wa Kasulu, na nimelifupisha: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, nina shahada ya sheria yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.9. Nafanya kazi kwenye shirika la msaada wa kisheria hapa Kasulu. Mashauri mengi ni ya uraia, ndoa na mirathi, na kila wiki tunaingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ninachotaka maishani ni kuwa msomi wa haki za binadamu, nifundishe na kuandika. Nyumbani wananiambia hiyo si kazi, niende Shule ya Sheria niwe wakili kama wenzangu. Njia ya usomi ikoje, inachukua muda gani, na inalipa? Na lazima nihame Kigoma?"

Marahaba binti yangu, na mwakeye, kama tunavyosalimiana kwa Kiha. Mimi ni mtu wa Ujiji niliyefundisha sheria muda mrefu, kwa hiyo nitakujibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu, bila kukupamba.

Nianze na wazee wako, maana hawajakosea sana. Uwakili na usomi si njia zinazogombana. Kufundisha sheria chuo kikuu hakuhitaji uwe umeapishwa wakili, lakini ukiwatazama wahadhiri wetu wa sheria utakuta wengi wameapishwa, na baadhi ndiyo ofisi zao za uwakili zinazowalipia ada za watoto. Zaidi ya fedha, kuna jambo ambalo darasani halipatikani. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya hakimu wa wilaya saa nane mchana, na faili halionekani, anaandika kuhusu haki ya kusikilizwa kwa namna nyingine kabisa. Ukipata ada ya Shule ya Sheria, nenda. Usipoipata mwaka huu, usikae ukingoja. Shahada ya uzamili inaweza kutangulia na Shule ya Sheria ikafuata.

Ngazi za chuoni nitazipitia haraka kwa sababu hazina siri. Ya chini ni ile inayoitwa TA, yaani msaidizi wa kufundisha, halafu mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Matangazo mengi ya ajira ya vyuo vya umma yanataka GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili. Hiyo 3.9 yako imekufungulia mlango ambao umewafungia wengi wenye akili kukuzidi. Nayaona kama masharti makali kupita kiasi, lakini ndiyo yaliyopo. Uzamili ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Uzamivu ni miaka mitatu kwenye karatasi, na mitano au zaidi kwa watu wenye kazi na watoto. Baada ya hapo kila cheo kinadai miaka kadhaa na machapisho. Piga hesabu yako kwa utulivu: ukianza mwakani, kuitwa mhadhiri kamili ni habari ya miaka ya katikati ya thelathini yako, na uprofesa ni baada ya arobaini kama hukulala.

Kulipa? Mshahara wa mhadhiri wa chuo cha umma ni mshahara wa serikali. Unakutosha kuishi, ila hautakujengea ghorofa Mwanga, hapa mjini Kigoma. Kinachowadanganya vijana ni majina makubwa ya kimataifa. Wale wataalamu huru wanaoteuliwa na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kufuatilia mateso, makazi au uhuru wa kukusanyika hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Wanagharimiwa safari na wanaishi kwa kazi zao za kila siku, na wengi wao ni walimu wa vyuo vikuu. Heshima ni kubwa, mfuko ni uleule. Ukiwa na hilo kichwani tangu sasa, hutakuja kuichukia kazi baadaye.

Sasa tuingie kwenye lenyewe. Umeandika "msomi wa haki za binadamu", lakini barua yako yote inaeleza kazi ya mtetezi. Hizo ni kazi mbili zinazokaa nyumba moja na mara nyingine hugombana. Mtetezi ana mteja, na wajibu wake ni mteja ashinde. Msomi ana swali, na wajibu wake ni kulijibu hata kama jibu linawaudhi anaowapenda. Siku utafiti wako utakapoonyesha kwamba shirika lililokulea linajaza takwimu za "waliohudumiwa" kwa kuhesabu mtu mmoja mara tatu, utaandika? Siku utakapogundua kwamba ofisa wa serikali uliyezoea kumlaumu alifuata sheria sawasawa, na kwamba sheria yenyewe ndiyo mbovu, utamwandikia haki yake? Nimesimamia tasnifu nyingi zilizofunguka kwa "haki za binadamu ni haki ambazo kila mtu huzaliwa nazo" na kufungwa kwa "serikali iheshimu haki za binadamu". Katikati hakukuwa na kitu ambacho mwandishi hakukijua kabla ya kuanza. Hizo ni hotuba, na hotuba tunazo za kutosha.

Kinachomfanya mtu awe msomi ni swali moja analolikamata na kukaa nalo miaka. Wewe unalo mezani kwako kila Jumatatu, ila umelizoea kiasi kwamba hulioni. Ni uraia.

Fungua Sheria ya Uraia ya 1995, kifungu cha 5. Kisome polepole kama mtu asiyewahi kuambiwa kinasema nini. Kinasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano siku ya Muungano au baada yake ni raia wa kuzaliwa. Kisha kinataja wanaoondolewa: mtoto ambaye hakuna mzazi wake aliye raia na baba yake ana kinga ya kibalozi, na mtoto wa raia wa nchi adui aliyezaliwa mahali palipokaliwa na adui. Basi. Maneno "lazima mzazi mmoja awe Mtanzania" hayamo. Lakini nenda ofisi yoyote, uliza wanasheria wenzako, uliza hata walimu wako, wengi watakuambia kwa uhakika kwamba bila mzazi raia huwi raia wa kuzaliwa. Utaratibu wa nchi umesimama juu ya kanuni ambayo maandishi ya kifungu hayana.

Tuivushe hoja hiyo hadi Tabora. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa kwenye makazi matatu: Ulyankulu huko Tabora, Katumba na Mishamo ambayo leo yako Katavi. Walilima, walizaa, watoto wao wakazaa. Mtoto aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1980 alizaliwa baada ya Muungano, ndani ya Jamhuri ya Muungano, na baba yake hakuwa balozi wa mtu yeyote. Kwa maandishi ya kifungu cha 5 yeye ni nani? Serikali ilipofanya uamuzi wake mkubwa na wa heshima, ule uliowapa uraia watu takriban 162,000 na vyeti vikaanza kugawiwa 2014, iliwapa uraia wa tajnisi, yaani ule wa kuomba na kukubaliwa. Maana yake mtu ambaye huenda alikuwa raia tangu siku aliyozaliwa alipewa kama zawadi kitu ambacho kisheria kingeweza kuwa chake. Tofauti si ya karatasi tu. Raia wa tajnisi anaweza kuvuliwa uraia kwa amri ya Waziri kwa sababu zilizotajwa na sheria, na hawezi kugombea urais, nafasi ambayo Katiba imewaachia raia wa kuzaliwa.

Ona sasa jinsi swali linavyozaa maswali. Kwa nini maandishi na utendaji viliachana? Je, walioandika sheria mwaka 1995 walikusudia hivyo au walinakili? Bunge lilisema nini, na kumbukumbu rasmi za mjadala huo ziko wapi? Nani ananufaika na utata huu? Na swali ambalo ningekupa wewe hasa: watu wenyewe wa Ulyankulu wanajiona nani, na cheti cha tajnisi kilibadilisha nini wanapokwenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua ya utambulisho? Uzamili mmoja haumalizi hayo. Huo ni uzamivu, na pengine maisha ya kazi.

Usidhani nakuokotea jambo la pembeni. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitoa hukumu kwenye shauri la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania. Huyu alikwenda polisi 2012 kufuatilia taratibu za ndoa yake, pasi yake ikazuiliwa kwa shaka kwamba si raia, na 2014 akafukuzwa kuingizwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wao. Akabaki mpakani, mtu asiye na nchi ya kurudi. Mahakama iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki zake: alinyang'anywa uraia kiholela, alifukuzwa kiholela, na hakupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Hoja ninayotaka uikazie macho ni ya mzigo wa ushahidi. Mtu alikuwa na nyaraka za uraia zilizotolewa na mamlaka za serikali, na serikali ndiyo iliyogeuka kuupinga uraia huo. Mahakama ikasema basi serikali ndiyo ithibitishe. Sasa rudi Kasulu, kaa kwenye benchi la ofisi yako, uhesabu ni mara ngapi mteja Muha mwenye kadi ya kupigia kura anaambiwa alete ushahidi wa alikozaliwa babu yake. Nani anabeba mzigo hapo? Umbali kati ya aya moja ya hukumu ya Arusha na benchi la Kasulu ndiyo shamba lako la utafiti, na hakuna aliye karibu nalo kukuzidi.

Na hukumu hiyo ina mkasa wake. Novemba 2019 Tanzania iliwasilisha barua ya kujiondoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja katika mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Mwezi uleule wa Novemba 2019 Mahakama ilitoa hukumu ya Ally Rajabu na wenzake, iliyosema adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka haki ya uhai. Nchi mwenyeji wa mahakama, iliyokuwa na mashauri mengi kuliko wote, ikawa nchi ambayo raia wake hawawezi tena kugonga mlango huo wenyewe. Mtetezi ataona mlango umefungwa na atatafuta mwingine, na ni sawa. Msomi ataona rundo la hukumu zilizokwisha kutolewa, karibu zote bado hazijachambuliwa vya kutosha na Watanzania wenyewe.

Kuhusu Kigoma kuwa mbali na usomi, nikusimulie kitu. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia aitwaye Liisa Malkki alikuja kufanya utafiti kwa wakimbizi wa Kirundi, sehemu moja Mishamo, sehemu nyingine hapa mjini Kigoma. Aligundua kwamba wale wa makazini walijenga historia nzito ya taifa lao lililo uhamishoni, waliisimulia na kuirudia, na ukimbizi kwao ukawa nembo. Wale wa mjini walijichanganya, wakaoa, wakafanya biashara, na wengi hawakutaka hata kuitwa wakimbizi. Kitabu kilichotokana na hapo kilitoka 1995, na tangu wakati huo ni vigumu kupata kozi nzito ya masomo ya wakimbizi duniani isiyokitaja. Sasa mtu anayeishi Kigoma anaambiwa na nani kwamba usomi uko kwingine? Tumekuwa tukichimbwa na wengine. Mei 2015, Warundi walipofurika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikaingia, meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini na watu wakalazwa kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, ulimwengu mzima uliandika. Sisi tuliokuwa tukiwapitia njiani tuliandika kidogo mno.

Nikuonyeshe waliotangulia walivyofanya, maana hakuna wawili waliopita njia moja.

Issa Shivji alizaliwa Kilosa, akasoma sheria Dar es Salaam na London, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1970 hadi alipostaafu 2006. Kitabu chake cha 1989 kuhusu dhana ya haki za binadamu Afrika kiliwakera wengi kwa sababu alisema lugha ya haki ilikuwa imefanywa chombo cha mabeberu. Akapendekeza tuanzie kwenye haki mbili ambazo wakubwa hawazipendi: haki ya watu kujiamulia mambo yao na haki ya kujipanga. Baadaye, 1991 hadi 1992, aliongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, akakaa na wanakijiji akiwasikiliza. Serikali ilikataa sehemu kubwa ya mapendekezo ya msingi, lakini ripoti ile bado inasomwa. Somo lake kwako: swali lake lilikuwa lilelile kwa miaka mingi, lilibadilisha nguo tu, leo mfanyakazi, kesho ardhi, keshokutwa katiba.

Chris Maina Peter, profesa wa sheria wa Dar es Salaam, alifanya kazi ambayo vijana huidharau. Hati ya Haki iliingizwa kwenye Katiba yetu 1984, lakini ikasimamishwa kutumika mahakamani hadi Machi 1988. Ilipoanza, majaji wachache wenye ujasiri wakaanza kutoa hukumu, na hukumu zile zilikuwa zimetawanyika kwenye masjala za mikoani. Mfano ni shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, ambapo Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu ya Mwanza, alisema mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kama mwanamume. Peter alizikusanya hukumu, akazipanga, akazifafanua, zikatoka kitabu 1997. Vizazi vya wanafunzi vilisoma haki za binadamu za Tanzania kupitia mkusanyiko ule. Baadaye akachaguliwa kuwa mjumbe wa Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa. Ukiniuliza uanzie wapi, nitakujibu hapo: kusanya. Leo una mtandao wa TanzLII ambako hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure, kazi ambayo zamani ilihitaji kusafiri na kubembeleza makarani. Kusanya kila hukumu ya Tanzania iliyogusa uraia. Tengeneza jedwali: mahakama, mwaka, nani alibeba mzigo wa ushahidi, ushahidi gani ulikubaliwa. Ukimaliza utakuwa unajua kitu ambacho maprofesa wako hawakijui.

Makau Mutua ni Mkenya wa Kitui. Alitimuliwa Chuo Kikuu cha Nairobi enzi za misukosuko ya wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaja Dar es Salaam akamaliza sheria, kisha Harvard, kisha akawa profesa na mkuu wa kitivo cha sheria huko Buffalo, Marekani. Makala yake ya 2001 ilidai kwamba simulizi la haki za binadamu lina wahusika watatu wasiobadilika: mshenzi, mwathirika na mwokozi, na kwamba mwokozi kila mara hutoka mahali palepale. Wewe unayeingia Nyarugusu, soma makala hiyo, halafu chukua ripoti yoyote ya mfadhili iliyoko kabatini kwenu utafute hao watatu. Huhitaji kukubaliana naye yote. Mimi sikubaliani naye yote. Lakini hutaandika tena "waathirika" bila kusita.

Wa nne ni Christof Heyns, profesa wa sheria wa Pretoria, Afrika Kusini, aliyefariki 2021. Aliandika sana, akawa mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela kuanzia 2010 hadi 2016, na baadaye akaongoza uandishi wa waraka wa Kamati ya Haki za Binadamu kuhusu mikusanyiko ya amani, uliopitishwa 2020. Ila alama yake kubwa, kwa maoni yangu, ni taasisi. Alikuwa miongoni mwa waliojenga mashindano ya mahakama ya kuigiza ya haki za binadamu ya Afrika, yaliyoanza miaka ya 1990 na kuwakutanisha wanafunzi wa sheria wa bara zima. Tena Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria kinaendesha shahada ya uzamili ya haki za binadamu na demokrasia Afrika tangu 2000. Wanafunzi wachache huchaguliwa kutoka nchi mbalimbali, na sehemu ya masomo hufanyika kwenye vyuo washirika nje ya Afrika Kusini. Omba hiyo. Ulizia pia kituo cha Watanzania na Wajerumani kilichoanzishwa 2008 pale kitivo cha sheria Dar es Salaam kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ambacho kimesomesha wanasheria wengi wa Afrika Mashariki kwa ufadhili. Na ukikosa vyote, Chuo Kikuu Huria kina kituo hapahapa Kigoma na kingine Tabora. Watu hukidharau mpaka wakutane na mhitimu wake aliyesoma kwa mshumaa.

Barua ya maombi ya ufadhili usiiandike kwa machozi. Waamuzi wanapokea mamia ya "tangu utoto nilichukia dhuluma". Andika ukurasa mmoja kuhusu kifungu cha 5, benchi la Kasulu na Ulyankulu, kama nilivyokueleza lakini kwa maneno yako na kwa mambo uliyoyaona mwenyewe. Utakumbukwa.

Hapo sasa kuna hatari moja ambayo ni lazima nikuonye kwa ukali kidogo. Majalada ya wateja wako si data yako. Mama aliyekueleza siri za ndoa yake alimweleza mwanasheria, hakumweleza mtafiti. Ukitaka kumhoji kwa utafiti, unaanza upya: unajitambulisha upya, unaeleza kwamba hii ni shughuli nyingine, kwamba akikataa msaada wake wa kisheria haupungui hata chembe, na unampa nafasi ya kukataa kweli. Kambini ni vigumu zaidi. Utamaliza kueleza kila kitu, karatasi ya ridhaa iko mezani, naye atakuuliza: "Sasa wewe utanisaidia niende Marekani?" Hapo ridhaa bado huna. Una matumaini yake tu. Weka kalamu chini, eleza tena, na kama swali hilo linarudi, funga daftari uondoke bila mahojiano.

Kuficha jina peke yake hakutoshi. Ukiandika "mjane mwenye mashine ya kusaga karibu na soko la Makere", Makere nzima inamjua. Jina libaki kwenye karatasi moja yenye namba, karatasi hiyo ikae mbali na daftari, na maelezo yanayomtambulisha uyabadilishe au uyaache. Tangu 2022 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na chuo makini kitakuuliza umejipangaje kabla hakijakupa kibali cha maadili.

Vibali navyo vina njia yake. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka wilayani, kisha kata na kijiji. Kwa kambi unahitaji ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani, idara inayohusika na wakimbizi, na kitambulisho cha shirika lako hakichukui nafasi yake hata kama walinzi wa getini wanakufahamu na kukupungia mkono. Mtafiti wa kigeni akipitishwa kwa uzembe atapanda ndege. Wewe utabaki, na shirika lako litabaki na tatizo.

Kuchapisha: anza mapema, anza kidogo. Uchambuzi wa hukumu moja, kurasa kumi na mbili, ukiandikwa vizuri unachapishika. Lipo jarida la Afrika la sheria za haki za binadamu linalotoka Pretoria, linasomwa bure mtandaoni. Lipo la kitivo cha Dar es Salaam lililoanza miaka ya 1960. Yatakukatalia mara ya kwanza, na maoni ya wasomaji wao wa siri, wale wataalamu wanaohakiki makala bila kutajwa majina, yatakuuma. Yasome tena baada ya wiki. Kaa mbali na majarida yanayokuandikia barua pepe ya sifa, yanayotaka dola na kuahidi kuchapa ndani ya siku saba. Kamati za kupandisha vyeo zimeshayajua, na jina lako likiingia humo kulitoa ni kazi. Usiache pia kuandika kwa Kiswahili. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na uandishi wa kina wa haki za binadamu kwa lugha hiyo bado ni mchache kiasi kwamba makala yako moja nzuri inaweza kusomwa na mahakimu wa wilaya wote wa mkoa huu. Makala ya Kiingereza itasomwa na wasomaji wake wa siri na mama yako.

Umeuliza kama lazima uhame. Kwa miaka ya masomo, ndiyo, ondoka. Unahitaji maktaba, unahitaji msimamizi anayekubishia, unahitaji kukaa na watu wanaofikiri vingine kabisa na wewe, na Kasulu huwezi kupata hayo yote. Ukishapata uzamivu, mambo yanategemea ajira itakuwa wapi, na huenda ikawa Dodoma, Mwanza au Mzumbe kabla ya kuwa karibu na nyumbani. Lakini shamba lako la utafiti liache hukuhuku. Treni ya Kigoma kwenda Tabora bado inasimama Kaliua, na kutoka hapo Ulyankulu si safari ya kuogopwa. Kabla hujaacha kazi, zungumza na mkurugenzi wako kuhusu likizo bila malipo badala ya kuacha kabisa, kwa maandishi, kwa kuwa barua ya udahili ikichelewa mwaka utahitaji mahali pa kurudi. Jedwali la hukumu lianze wiki hii. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu.